Ukurasa wa Daraja la Msele

Nchi ya Tangulia ni ya kwanza duniani katika mambo mengi, na orodha ya mambo hayo hutolewa kila mwaka na Serikali ya Tangulia yenyewe, ili kuepusha makosa ya wageni. Katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa Kengeza, palikuwa na mkutubi wa shule aliyeitwa Bi Siwema Kibwana, na haya ndiyo yaliyompata.

Bi Siwema alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, tabia iliyowatia wakubwa wake wasiwasi. Aliishi na mama yake, Bi Kundi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kutoona zaidi ya mlango, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameitunza maktaba ya Shule ya Sekondari Kengeza.

Maktaba hiyo ilikuwa na vitabu elfu moja mia moja na arobaini. Kati ya hivyo, mia tisa vilikuwa nakala za kitabu kimoja: mkusanyiko wa hotuba za ufunguzi za viongozi wa Wizara ya Elimu. Ilikuwa pia na kompyuta kumi na mbili. Kila muhula afisa alikuja kutoka mkoani kuzihesabu. Alizikuta kumi na mbili, akaandika kumi na mbili, akaondoka ameridhika. Hakuna aliyewahi kuziwasha, kwa sababu mwongozo uliokuja nazo ulieleza namna ya kuzihesabu na namna ya kuzifunika, ukaishia hapo.

Mwaka huo mwalimu wa jiografia alihamishwa na mwingine hakuletwa. Bi Siwema akapewa vipindi vya Kidato cha Tatu "kwa muda", maneno ambayo katika Tangulia yana maana ya mpaka utakapostaafu. Kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja kwa wanafunzi sitini na mmoja. Siku ya tatu kilichanika katikati, mazao ya biashara yakabaki upande wa dirishani na mito ikaenda upande wa mlangoni, na wanafunzi wa pande hizo mbili wakaanza kusoma nchi mbili tofauti.

Hapo ndipo Bi Siwema alipokwenda kwa Mwalimu Mkuu Dastani Ngoli. Huyu alikuwa mtu mwema aliyeogopa vitu vitatu: Wizara, Mkoa, na simu kutoka namba asiyoijua.

"Naomba kuwasha kompyuta," alisema Bi Siwema.

Mwalimu Mkuu aliweka kalamu mezani. "Kuwasha kwa maana gani?"

"Kwa maana ya kubonyeza pale pa kuwashia."

"Na zikiharibika?"

"Zitabaki kumi na mbili."

Mwalimu Mkuu alilitafakari jibu hilo kwa upande wa kwanza, kisha kwa upande wa pili, na hakuona pa kulishika. "Basi washa," alisema. "Lakini kwa utaratibu."

*

Bi Siwema alikuwa amejifundisha mwenyewe, kwa simu yake, kutengeneza ukurasa wa pamoja mtandaoni. Aliwaeleza wanafunzi kwamba ni kama karatasi isiyo na mwisho, ambayo watu wengi wanaiandika kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona anachoandika mwenzake, na ukurasa wenyewe unakumbuka nani kaandika nini, nani kafuta nini, na saa ngapi.

"Kitabu tulichonacho ni nusu," aliwaambia. "Tuandike cha kwetu. Jiografia ya Kengeza."

Kwenye ukuta aliandika kanuni tatu kwa chaki. Sema umeipata wapi. Usifute ya mwenzako bila kutoa sababu. Andika jina lako.

Wiki ya kwanza waliandika salamu na majina ya timu za mpira. Wiki ya pili kijana mmoja mfupi mwenye maneno mengi, Yusto Lihemba, aliandika kwamba maboga ya Kengeza ni makubwa kuliko yote Tangulia. Wenzake wakamwandikia chini yake: umeipata wapi? Kesho yake Yusto alikuja na boga kwenye toroli, akaliingiza maktaba, akasema chanzo ni hiki hapa. Darasa likajadili kipindi kizima kama boga moja linatosha kuthibitisha jambo la nchi nzima, na mwishowe Yusto mwenyewe akabadilisha sentensi yake ikawa: "Kengeza kuna boga moja kubwa sana." Bi Siwema alisimama nyuma ya darasa akiwa na furaha ambayo miaka kumi na moja ya kufuta vumbi kwenye hotuba haikuwahi kumpa.

Lakini aliyemshangaza zaidi ni Tausi Mkongwa. Tausi alikuwa na kigugumizi, na kwa miaka miwili hakuna mwalimu aliyesikia kwake zaidi ya neno "ndiyo", ambalo alilitoa kwa shida. Kwenye ukurasa alikuwa hashikiki. Aliandika kuhusu udongo wa kufinyangia vyungu, kuhusu upepo unaotoka kusini mwezi wa nane, kuhusu popo wa kanisani, na kila alichoandika alikitia chanzo, jina la mtu aliyemwambia na siku aliyoambiwa. Wenzake waliokuwa wakimcheka walianza kumpelekea sentensi zao azikague.

Tausi alikaa ng'ambo ya mto Msele. Kila asubuhi alivuka kwa miguu na madaftari yake ndani ya beseni kichwani. Masika yaliyopita mto ulijaa, akakosa shule wiki tano.

Ndiyo maana walipofika kwenye mito, yeye ndiye aliyesoma kwa kidole ile nusu ya kitabu, ukurasa wa themanini na tatu: "Daraja la Msele, lililofunguliwa rasmi miaka tisa iliyopita, huunganisha Kengeza na ng'ambo na hupitisha magari mia nne kwa siku." Alisoma mara mbili. Kisha akamwandikia mwalimu wake kwenye ukurasa, ingawa mwalimu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale: "Mwalimu, twende tukaangalie."

Walikwenda watu kumi na saba na kamba ya kupimia. Jioni hiyo ukurasa ulipata sehemu mpya, mwandishi Tausi Mkongwa: "Daraja la Msele halipo. Upande wa Kengeza kuna nguzo mbili, kibao cha ufunguzi, na mbuzi. Upande wa ng'ambo hakuna kitu. Chanzo: tumekwenda kuangalia." Wakaweka na picha. Chini yake, kwa kuwa waliona itawafaa wasafiri, waliongeza maelezo ya namna ya kuvuka: shuka mpaka wanapoloweka muhogo, maji hapo humfika mtu mzima magotini na Yusto kiunoni, shika kamba iliyofungwa kwenye mkuyu, usivue viatu kwa sababu ya mawe.

*

Wizara ilipopata habari za ukurasa huo, ilifurahi sana, na haikuusoma. Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Bonaventura Shiwa, alitangaza redioni kwamba Tangulia imekuwa nchi ya kwanza duniani kuandika pamoja.

"Itifaki ikiwa imezingatiwa," alisema, "na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ijizingatie, napenda kuufahamisha umma kwamba uandishi wa mtu mmoja mmoja sasa umepitwa na wakati. Kuanzia leo tutaandika kwa umoja, tutafikiri kwa umoja, na tutakosea kwa umoja, kama ikibidi, baada ya kupata kibali."

Siku hiyohiyo aliteuliwa Mratibu wa Taifa wa Uhariri wa Pamoja. Alikuwa Bwana Gervasi Ndauka, mtumishi mnyofu aliyekuwa amehudumu miaka ishirini katika kitengo cha kugonga mihuri. Wiki iliyofuata aliwasili Kengeza na sanduku la fomu. Mwanafunzi aliyetaka kuongeza sentensi alipaswa kujaza nakala tatu. Aliyetaka kuongeza koma, nakala mbili. Watu wote wangehariri kwa pamoja, alieleza, yaani mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata cheo.

Bi Siwema alimkaribisha kiti mbele ya kompyuta.

"Mwenyekiti wa ukurasa huu ni nani?" aliuliza Bwana Ndauka.

"Hauna mwenyekiti."

"Katibu?"

"Unajiandikia wenyewe nani kafanya nini."

Bwana Ndauka aliitazama skrini kwa huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba isiyo na mlango. Hata hivyo alikuwa mtu wa kutimiza wajibu, akaanza kusoma toka juu. Alisoma udongo, akasoma upepo. Kwenye boga alitabasamu kidogo. Alipofika mtoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya.

"Hii sentensi ya daraja, nani ameiidhinisha?"

"Hakuna. Wanafunzi wameona."

"Wameona nini?"

"Kwamba halipo."

"Bi Siwema," alisema Bwana Ndauka kwa upole, "kitu kisichokuwepo hakionekani. Hiyo ni sayansi. Kwa hiyo wanafunzi hawa hawajaona kitu."

Alifunga sanduku lake la fomu na kuondoka. Baada ya siku tatu simu ya Mwalimu Mkuu iliita kutoka namba asiyoijua.

*

Mwalimu Mkuu alimwita Bi Siwema na kufunga mlango, kisha akafunga na dirisha.

"Inatakiwa ifutwe. Leo, na kwa mkono wako, maana ukurasa ni wako."

"Mwalimu Mkuu, wewe umezaliwa hapa. Umewahi kupita kwenye hilo daraja?"

"Bi Siwema, mimi sijaulizwa kama nimepita." Alijipangusa jasho la shingoni. "Sikiliza, dada yangu. Wamenitajia Orodha ya Maeneo Magumu. Wanakuhamishia namba moja, ng'ambo ya Msele, safari ya siku nne kwa kuzunguka wilaya mbili. Mama yako utamwachia nani?"

Bi Siwema alimfikiria Bi Kundi akipapasa ukuta kutafuta mlango. Alirudi maktaba, akakaa mbele ya kompyuta karibu na dirisha, mikono mapajani, kwa muda ambao ungetosha kusoma hotuba mbili. Kisha akaifuta ile sentensi.

Ukurasa, kama ulivyozoea, ukamuuliza sababu. Angeweza kuandika "marekebisho ya lugha". Vidole vilianza kuandika hivyo. Lakini kanuni ya pili ilikuwa ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe, na wanafunzi sitini na mmoja walikuwa wameifuata hata kwenye maboga. Akaandika: "Sababu: nimeagizwa na Mwalimu Mkuu, aliyeagizwa na Mkoa, ulioagizwa na Wizara. Siwema Kibwana."

Asubuhi yake Tausi alifika na sketi imelowa mpaka juu ya magoti. Alifungua ukurasa, akasoma, akaja mezani kwa Bi Siwema. Siku hiyo alitaka kusema kwa mdomo, na Bi Siwema alimsubiri kila neno mpaka likatoka.

"Mwalimu, hiyo sababu uliyoandika ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi hujavunja kanuni."

Bi Siwema alitamani msichana huyo angemkasirikia. Ingekuwa nafuu.

"Na mimi ninayo sababu," alisema Tausi. Akarudi kwenye kompyuta, akairudisha sentensi ya daraja, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Nimepita leo asubuhi. Bado halipo."

Saa mbili kamili Wizara ikaifuta. Sababu: maelekezo. G. Ndauka. Kesho yake Tausi akairudisha: "Nimepita leo pia. Halipo." Saa mbili kamili ikafutwa. Bi Siwema hakuagizwa tena kufuta, wala hakuagizwa kurudisha, na alishukuru kwa yote mawili, huku akijionea aibu kidogo.

Mambo yakaenda hivyo siku kumi na tisa. Katika jengo la Wizara, ghorofa ya sita, Bwana Ndauka alikuwa na jukumu moja tu siku nzima: kufuta sentensi ya mtoto mmoja. Alikuwa akifika mapema, anaagiza chai, anafungua ukurasa na kungoja. Siku ya ishirini ikagonga saa mbili, ikafika saa tatu, sentensi haikuja. Bwana Ndauka alikuta chai imepoa bila kunywewa. Saa nne aliandika kwenye ukurasa, bila fomu na bila nakala: "Mbona leo kimya? G. Ndauka."

Jibu lilikuja mchana, kutoka simu ya jirani: "Mto umejaa. Nipo ng'ambo. Tausi."

Siku hiyo Mratibu wa Taifa hakufuta kitu. Siku iliyofuata pia. Ilikuwa siku ya tisa tangu mto kujaa Tausi alipofanikiwa kuvuka, na sentensi aliyoirudisha asubuhi hiyo haikuguswa na mtu. Wakubwa wa Bwana Ndauka hawakugundua, kwa kuwa taarifa aliyotakiwa kuleta ilikuwa na kisanduku kimoja tu, "Kazi inaendelea", na alikiwekea alama kwa moyo safi.

*

Mwezi wa sita ukurasa ulipokuwa na umri wa miezi mitano, Wizara iliamua kuuzindua. Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja. Bi Siwema aliletewa maelekezo: aandae kompyuta moja na projekta, iandikwe "Daraja la Msele lipo", na Mheshimiwa abonyeze Hifadhi mbele ya umati. Mwanafunzi mmoja msafi asimame kando yake. Kwa maneno hayo Bi Siwema alielewa kwamba awe na sare safi, akamchagua Tausi.

Waziri alikuwa katika ziara ya wilaya za ng'ambo. Maafisa wake walifungua ramani ya Wizara, wakaona barabara inyookayo mpaka Daraja la Msele na kutoka hapo Kengeza ni dakika tano. Msafara wa magari tisa ukaondoka na ving'ora. Barabara iliwapeleka vizuri kabisa mpaka ikaingia kwenye matete, na mbele ya matete palikuwa na mto.

Gari la mbele lilisimama. Mengine manane nayo yakasimama, kwa itifaki. Waziri alishusha kioo.

"Daraja liko wapi?"

Afisa wa ramani aliitazama ramani, akautazama mto, akasema kwamba kwa mujibu wa ramani wako juu yake.

Hapo Bwana Ndauka, aliyekuwa gari la nane, alikuja mbele akitembea kwa miguu, koti mkononi. "Mheshimiwa, kuna mahali pa kuvukia," alisema. "Tushuke mpaka wanapoloweka muhogo. Maji ni ya magotini. Kuna kamba kwenye mkuyu. Tusivue viatu, kuna mawe."

"Wewe umefika hapa lini?"

"Sijawahi kufika, Mheshimiwa. Nimesoma kwenye ukurasa tunaokwenda kuuzindua."

Kengeza walikuwa wamengoja saa mbili na nusu juani, bendi ya shule imepiga wimbo wake mmoja mara kumi na nne, wakati Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi alipotokea kwenye kona ya soko akitembea, suruali imelowa mpaka mapajani, unyasi kwenye mkanda. Nyuma yake wasaidizi walifuatana wakiwa wameshikana mikono bado, kwani hakuna aliyewaambia kwamba mto umekwisha. Mwalimu Mkuu aliona hivyo akakaa chini kabla ya wakati wa kukaa.

Waziri hata hivyo alikuwa mzoefu. Alipanda jukwaani huku viatu vikilia maji, akahutubia. Alisema miundombinu ya Tangulia ni ya kupigiwa mfano. Akasema yeye binafsi ameshuhudia siku hiyohiyo jinsi mawasiliano kati ya pande mbili za Msele yalivyo ya karibu, ya moja kwa moja, na ya kuburudisha. Watu walipiga makofi. Kisha akaongozwa mpaka kwenye kompyuta iliyowekwa barazani, penye kivuli, sentensi ikaonekana kubwa ukutani: Daraja la Msele lipo.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Tausi.

"Marahaba, binti. Nabonyeza wapi?"

Tausi alimtazama Bi Siwema. Bi Siwema alijua kinachokuja. Alijua pia kwamba akitikisa kichwa tu, msichana ataacha. Alimwona Mwalimu Mkuu, akamfikiria mama yake. Hakutikisa kichwa.

"Mheshimiwa," alisema Tausi, neno likamkwama, na watu mia sita wakalingoja naye, "ka-kanuni inataka useme umeipata wapi."

Waziri alitabasamu. "Mimi ni Waziri."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Niandike hivyo?"

Tausi hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa ameshaweka vidole kwenye herufi, tayari kuandika. Waziri aliangalia ukutani, mahali ambapo jina lake lingekaa mbele ya sentensi ile. Akaangalia sakafuni, ambako maji kutoka kwenye suruali yake yalikuwa yamefanya dimbwi dogo lililoanza kumfuata mpiga picha. Umati wote uliangalia dimbwi.

"Andika," alisema Waziri polepole, "kwamba daraja linahitaji marekebisho."

Tausi akafuta, akaandika. Ukutani pakasomeka: "Kwa mujibu wa Mheshimiwa Waziri, aliyevuka leo kwa miguu, Daraja la Msele linahitaji marekebisho."

"Wasomaji watauliza marekebisho gani, Mheshimiwa," alisema Bi Siwema. Sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

Waziri alikuwa na baridi. Jiwe dogo lilikuwa limeingia kwenye kiatu chake cha kushoto tangu mtoni na hakupata nafasi ya kulitoa. "Yote," alisema.

"Kuanzia nguzo?" aliuliza Tausi.

"Kuanzia nguzo."

Ikaandikwa. Akabonyeza Hifadhi, bendi ikapiga mara ya kumi na tano, na ukurasa ukarekodi kwa uaminifu jina, tarehe na saa.

*

Sasa, katika Tangulia neno la Waziri likishaandikwa mahali penye jina lake, tarehe na saa, ni agizo. Idara ya Madaraja iliupokea ukurasa kama ilivyopokea nyaraka nyingine. Kazi zake nyingine zote huchelewa kwa sababu kuna mtu wa kuombwa kibali cha kuzichelewesha; kwa ukurasa usio na mwenyekiti wala katibu, Idara haikujua imwombe nani. Kwa kukosa njia, ikajenga.

Ilichukua miezi saba. Daraja lilipokwisha kulizuka tatizo la kisheria: lilikuwa limeshafunguliwa rasmi miaka mingi nyuma, na sheria hairuhusu daraja kufunguliwa mara mbili. Hapakuwa na utepe, wala hotuba. Siku moja mafundi waliondoa vizuizi na kwenda kula, na wanawake wenye vikapu vya muhogo wakapita. Tausi alivuka akiwa na viatu vikavu na alifika shuleni mapema mno, akamkuta mlinzi bado anafungua geti.

Wiki hiyohiyo Bi Siwema alipata barua. "Kwa kutambua mchango wako," iliandikwa, "na hususan kwa kumruhusu Mheshimiwa kusema jambo bila maandalizi, unahamishiwa Shule ya Msingi Ng'ambo ya Msele, Eneo Gumu namba moja, na utaondoka Jumatatu." Kitengo cha Uhamisho na Idara ya Madaraja vilikuwa katika majengo yanayotazamana, lakini havikuwa vimetambulishwa.

Mwalimu Mkuu alimletea barua hiyo mwenyewe, kwa mikono miwili. "Niliwapigia," alisema. "Mimi mwenyewe, namba yao. Nikawaambia huyu ndiye mwalimu bora niliye naye. Wakasema ndiyo maana." Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuipigia Wizara. Bi Siwema alimshukuru, na alimaanisha. Kazi ya ukurasa aliwakabidhi Kidato cha Tatu, ambao sasa walikuwa Kidato cha Nne na hawakuhitaji kukumbushwa kitu.

Jioni alimsomea mama yake barua.

"Ng'ambo ipi hiyo?" aliuliza Bi Kundi.

"Ya Msele, mama."

"Hii ya hapa? Ambako muuza maziwa anatoka?"

"Hiyohiyo."

Bi Kundi alijaribu kuielewa adhabu. "Basi utakuwa unarudi kula mchana," alisema.

Jumatatu Bi Siwema alitoka nyumbani saa moja na nusu, akavuka mto, na saa mbili kasoro dakika kumi alikuwa kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Ng'ambo ya Msele. Huyo alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Perusi Magangira, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliipokea barua, akaisoma, akamwangalia mgeni wake, akafungua kitabu cha kuripotia.

"Kuna shida kidogo, Bi Siwema. Hapa wamekupa siku nne za safari."

"Nimeona."

"Na kitabu hiki hakiruhusu mtumishi kuripoti kabla siku zake za safari hazijaisha. Walishanigombeza mwaka juzi kwa mambo haya." Alikuna kichwa kwa kalamu, kwa masikitiko ya kweli. "Kwa mujibu wa karatasi, mama, wewe hujafika. Bado uko njiani. Utafika Ijumaa."

Bi Siwema alitazama nje. Uwanjani watoto walikuwa wamejipanga mistari, na mwishoni mwa jengo kulikuwa na mlango wa bati wenye kufuli lililoota kutu, na juu yake neno MAKTABA kwa rangi iliyokaribia kufutika.

"Sawa," alisema. "Basi naomba ufunguo wa kule, nisafirie humo."